Mwanaheri na Kiatu cha Pili

Watu wa Morogoro walimjua Mwanaheri binti Stambuli kwa vitumbua kwanza, kwa elimu baadaye. Enzi hizo Mjerumani ndiye mwenye nchi, na reli ilikuwa haijatimiza miaka sita tangu ifike mjini. Ukishuka kwenye gari la moshi lililotoka Dar es Salaam, na njaa yako na vumbi lako, harufu ya vitumbua ilikulaki kabla hujawaona wapagazi. Mwanaheri alikaa nje ya stesheni, kwenye kibanda cha nyasi alichojengewa na mumewe Kibwana, mkono wa kulia ukigeuza vitumbua kwenye kikaango, na midomo ikimchezacheza. Wageni walidhani anahesabu. Wenyeji walijua kwamba anasoma.

Alikuwa akisoma utenzi wa Tabibu, ule mrefu wenye beti elfu moja mia moja na arobaini. Mwalimu wake alikuwa Bibi Mwaisha, mama mmoja kutoka Pangani aliyeletwa Morogoro na mwanawe aliyepata ukarani wa reli. Bibi huyo alishuka na masanduku mawili, moja la nguo na moja la vitabu, na la vitabu ndilo lililohitaji watu wawili kulibeba. Mwanaheri alimuuzia vitumbua siku ile ile, akasikia akisema ubeti mmoja huku akipuliza kitumbua kipoe, na tangu siku hiyo hakubanduka kwake.

Kisa chenyewe ni hiki, tukipitie kwa haraka tusije tukapotezana huko mbele. Tabibu mmoja wa nchi za mbali, mtu mkali asiyejua kucheka, alikuwa na binti asiyesema. Alikuwa amewaponya wafalme, lakini binti yake mwenyewe akamshinda. Akafunga safari, akapita nchi saba akitafuta dawa. Kwenye lango la nchi ya saba akamkuta bibi kizee mfungua lango. Bibi yule akamtukana yeye na ukoo wake wote, akamvua kiatu kimoja, kisha akampa kasha dogo lililofungwa na kumwambia dawa imo humo. Njiani uvumilivu ukamwishia Tabibu, akalifungua. Kasha tupu, hata vumbi hamna. Hata hivyo hakulitupa. Alirudi nalo nyumbani, na alipokanyaga kizingiti tu, binti akasema, "Karibu, baba."

Sasa hapo ndipo wasomaji walipokuwa wakigombana tangu zama za mababu. Binti kaponywa na nini, ikiwa kasha lilikuwa tupu?

Katika nyumba ya elimu aliyotoka Bibi Mwaisha, utenzi huo haukuwa wa kusomwa tu ukafunikwa. Aliyetaka kuufundisha alitakiwa apate ijaza, yaani karatasi ya idhini, na ijaza ilikuwa na masharti matatu. La kwanza, aunakili utenzi mzima kwa mkono wake mwenyewe. La pili, aeleze kila ubeti kama alivyoupokea kwa mwalimu. La tatu, na hili ndilo lililowakausha wengi, alete neno lake mwenyewe, jambo juu ya utenzi ambalo halijapata kusemwa na yeyote kabla yake. Tena neno hilo asimwonjeshe hata mwalimu wake mpaka siku ya kuulizwa. Na karatasi ile haikuwa halali mpaka iwekwe mikono ya watu wawili wenye ijaza.

Mwanaheri alimaliza sharti la kwanza kwa miaka mitatu. Baba yake, aliyekuwa mwalimu wa chuo cha Kurani kule Mlali, alimwachia herufi nzuri, za mviringo, zinazosomeka hata na mwenye haraka. La pili lilimchukua miaka miwili mingine. La tatu lilimgomea kabisa. Mara ya kwanza alidhani amelipata akashindwa kunyamaza, akamwambia mwalimu wake kwamba ndani ya kasha mlikuwa na subira. Bibi Mwaisha akacheka mpaka akashika mbavu. Akasema hilo ni neno la mwalimu wake yeye, Mungu amrehemu, ila limemfikia Mwanaheri kwa mlango wa nyuma. Mara ya pili akasema mlikuwa na upepo wa nchi ya saba. Bibi akamwambia, "Hilo nilikupa mimi mwenyewe mwaka juzi, mwanangu, ila ulikuwa unasinzia."

Watu mjini nao hawakumwacha salama. Walimuuliza herufi za zamani, za Kiarabu, ni za nini, na serikali inaajiri wenye kusoma herufi za Kizungu. Walimuuliza kama kitumbua cha mwenye ijaza kitakuwa kikubwa zaidi. Kibwana, aliyekuwa akipakia kuni kwenye gari la moshi, ndiye aliyekuwa akiwajibu. Alisema kitumbua kitabaki vile vile, ila mlaji atapaswa kunawa mara mbili.

Mwanaheri alicheka pamoja nao, lakini moyoni alikuwa na jambo. Macho ya Bibi Mwaisha yalikuwa yanazidi kuingia ukungu. Kulikuwa na wasichana kumi na mmoja waliotaka kusoma, Furaha binti yake akiwa mmojawapo, na Bibi hakuweza tena kuwaona wanachoandika. Mwanaheri asipopata ijaza, utenzi ungekomea kwa Bibi.

Ndipo ikaja barua. Mwalimu Mwinjuma wa Bagamoyo, aliyesoma chini ya mwalimu mmoja na Bibi Mwaisha walipokuwa vijana, alikuwa anahamia Tabora kwa binti yake, moja kwa moja. Ulimwengu mzima ulikuwa umebakiwa na wenye ijaza ya utenzi ule wawili tu, yeye na Bibi. Gari lake lingemshusha Morogoro Alhamisi, na Jumamosi angeendelea na safari. Kwa hiyo Ijumaa, baada ya swala, ndiyo siku ya Mwanaheri kuulizwa. Hapakuwa na Ijumaa nyingine.

Siku kumi na mbili kabla ya Ijumaa hiyo, Mwanaheri alikwenda Mlali kumwomba mjomba wake radhi. Kwa Waluguru jambo kubwa halianzwi bila mjomba kulijua. Alichukua nakala yake amwonyeshe, imefungwa kwenye kitambaa cheupe, ndani ya ungo, kichwani. Mjomba akaigusa, akaibariki, akampa na mihogo. Mambo yakawa mazuri mpaka alipofika njia panda ya kurudi mjini, akamwona Hatibu.

Hatibu alikuwa mpagazi wa misafara ya chumvi, mrefu, mwembamba, na mdomo wake haukujua likizo. Ukoo wake na ukoo wa kina Mwanaheri walikuwa watani tangu mababu waliposhuka milimani, na ukiwa na mtani unajua mambo mawili. Moja, anaweza kukutukana na kukunyang'anya chochote ulichoshika, mpaka umkomboe. La pili, hukasiriki. Ukikasirika, unalipa mara mbili.

"Wala mbegu hao, hata za kupanda hawabakizi," Hatibu akasema akiwa bado mbali. "Leo mmebeba nini, ukoo msiojua kubeba kitu kikafika?"

Mwanaheri akamjibu kwamba amebeba majina ya wezi wa kuku wote wa Mlali, na jina la babu yake Hatibu ndilo la kwanza. Hatibu akafurahi sana. Akanyoosha mkono wake mrefu, akachomoa nakala kwenye ungo, akaipeleka nyuma ya mgongo.

Mwanaheri alihisi damu inampanda mpaka masikioni. Miaka mitatu ya usiku na mchana ilikuwa mkononi mwa mtu aliyekuwa akijifuta jasho kwa kofia. Lakini mtani ni mtani. Kitambaa cheupe kilikuwa kimechomoka kikabaki ndani ya ungo. Akakiokota, akamrushia Hatibu kifuani. "Chukua na nguo yake," akasema. "Usije ukasema ukoo wetu tunatoa vitu nusu nusu."

Hatibu akapigwa na butwaa, kisha akacheka mpaka akakaa chini. Akataja fidia yake: jogoo, aliyepikwa, aletwe kwake kabla jua halijazama. Wakaagana kwa matusi mazuri.

Jogoo alikuwepo. Lililokosekana lilikuwa ni jogoo kukubali. Kibwana alimfukuza kuanzia uani, akapita kwa seremala, akaingia sokoni, na jogoo akaenda kutua juu ya ukuta wa boma la Mjerumani. Kibwana hakuthubutu kumfuata huko, na askari wa zamu walikuwa wanacheka hata bunduki hawawezi kushika sawasawa. Jogoo aliposhuka kwa hiari yake, Magharibi ilikuwa imeshaingia. Asubuhi Mwanaheri alifika kwa Hatibu na chungu kikifuka moshi, akaikuta nyumba imefungwa. Jirani akamwambia kwamba msafara wa chumvi umeondoka alfajiri kwenda Gairo, maana tajiri kaogopa mvua. Hatibu naye kaondoka na kitabu. Mtani haachi mateka kwa jirani, wala harudishi kitu pasipo fidia, hiyo ndiyo sheria.

Kwenda Gairo ni siku tano na kurudi tano, kwa mwenye mzigo kichwani. Kibwana akataka kuwakimbilia. Mwanaheri akamkatalia; asingewapata, na kazini wangemfukuza. Walikula jogoo, wakapeleka paja kwa Bibi Mwaisha. Bibi alisikiliza habari yote, akatafuna polepole, akauliza karatasi za duka la Mhindi zimefikia bei gani.

Hapo Mwanaheri akajua anachotakiwa kufanya. Alianza kuandika upya. Utenzi alikuwa nao kichwani, tatizo lilikuwa mkono. Aliandika kibandani, ubao juu ya magoti, kalamu ya mwanzi upande huu, mwiko wa vitumbua upande ule. Beti themanini na ushei kwa siku. Wanawake waliouza ndizi na karanga pembeni yake wakamgeuzia vitumbua, na yeye akawasomea anachoandika, maana hakuweza kuandika bila kusema. Walikuwa wameusikia utenzi huo miaka mitano. Chausiku muuza karanga alikuwa hodari hata wa kumsahihisha. Wateja walizoea kupewa chenji na mtu mwingine na ubeti na Mwanaheri.

Siku ya tano akaufikia ubeti wa lango la saba. Akaandika kama alivyouandika mara ya kwanza, kama walivyouandika wote waliomtangulia:

Akamvua kiatu
mbele ya macho ya watu
Tabibu hasemi kitu
na cha pili akampa.

Kalamu ikasimama. Wasomaji wote waliupita ubeti ule kwa neno moja, unyenyekevu. Walisema Tabibu alimpa bibi kiatu cha pili kwa kuwa alikuwa amejifunza kunyenyekea. Lakini Mwanaheri alijiona pale njia panda ya Mlali, na kile kitambaa cheupe kinaruka hewani kumfuata Hatibu. Yeye hakuwa na unyenyekevu wowote siku ile. Alitaka kumtia mtu yule ndani ya ungo na kumpepeta. Alimpa kitambaa kwa kuwa ndivyo mtu anavyomfanyia mtani wake.

Alianza kucheka peke yake. Alicheka vikaango viwili vikaungua, na Chausiku akaenda kumwita Kibwana, akamwambia mkewe amepatwa na jambo. Kibwana alipofika na masizi yake akamkuta anafuta machozi. Akamuuliza kuna nini. Mwanaheri akamjibu kwamba amelipata, ila hawezi kumwambia mtu mpaka Ijumaa. Kibwana akasema basi naye atasubiri, ila vitumbua vilivyoungua asipewe yeye. Akapewa yeye.

Ijumaa ikafika. Uani kwa Bibi Mwaisha walitandika mikeka, pilau ikapikwa nyuma ya nyumba, na wanawake wa stesheni wakaja wote wakiwa na kanga zao safi. Mwalimu Mwinjuma alikuwa mzee mdogo wa umbo, msafi kupita kiasi, mwenye sauti ya chini. Alikuwa na tabia moja ambayo Bibi alikwisha kumwonya Mwanaheri juu yake. Jawabu lisipompendeza hakemei. Huvua kofia, huitazama ndani, huipuliza. Ilisemekana Bagamoyo kuna watu wazima waliolia kwa kuona kofia ile inapulizwa.

Mwanaheri akamwamkia, "Shikamoo, Mwalimu," akaitikiwa kwa upole. Kisha Mwalimu akaomba nakala.

Akampa karatasi za siku kumi na moja. Zilikuwa beti mia tisa na sita. Mwalimu akazihesabu kwa kidole mpaka mwisho, akasubiri, akaona hakuna nyingine. Akavua kofia, akaipuliza. Akasema herufi ni nzuri na hajaona kosa, lakini utenzi haukutimia, na yeye hana mamlaka ya kulegeza sharti alilowekewa na marehemu mwalimu wao. Bibi Mwaisha akamweleza habari za mtani na msafara. Mzee akasikitika kweli, hata chai akaiweka chini. Akasema ataendelea kuuliza kwa heshima ya safari ya mwanafunzi, ila pasipo nakala kamili hataweka mkono wake.

Mwanaheri hakuwa na la kufanya ila kujibu. Akajibu. Aliulizwa ubeti wa kumi, wa mia tatu, wa elfu moja. Aliulizwa kwa mtiririko na kwa kurukaruka. Jua likahama kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, na kofia haikuvuliwa tena. Mwishowe Mwalimu akamwambia alete neno lake.

"Bibi wa lango la saba hakuwa mbaya wala hakuwa anamjaribu," akasema Mwanaheri. "Alikuwa mtani wake. Alimtukana kwa utani, akamvua kiatu kwa utani, akampa kasha tupu kwa utani. Tabibu alikuwa mtu asiyecheka. Alipolifungua kasha njiani, akacheka. Binti yake alimwona baba anaingia nyumbani akicheka, mara ya kwanza tangu azaliwe, ndipo akasema."

Bibi Mwaisha, macho yake ya ukungu yametazama juu, aliacha kutafuna tambuu.

Kofia ikavuliwa. Haikupulizwa, ilikaa mkononi. Mwalimu akasema utani ni mambo ya huku kwetu, na Tabibu ni mtu wa nchi za mbali, huko utani umefikaje?

"Mtunzi hakufika nchi ya saba, Mwalimu. Alikaa huku kwetu. Alipotaka bibi kizee wa kumweka langoni, alimtoa kwa jirani."

Wanawake wakaguna kwa kukubali. Mwalimu akatikisa kichwa. Alisema neno ni tamu, ila limesimama kwa mguu mmoja, ubeti wa kiatu peke yake. Neno la ijaza husimama kwa miguu miwili. Ana ubeti wa pili wa kulishuhudia?

Mwanaheri akatafuta kichwani. Hakuuona.

Kabla mtu hajasema kitu, sauti ikatoka mlangoni. "Hodi wenye nyumba. Nimesikia harufu ya pilau tangu ng'ambo ya mto, na mimi nina mateka wangu anahitaji kula."

Alikuwa Hatibu, miguu myeupe kwa vumbi la Gairo mpaka magotini, mzigo chini ya kwapa. Akaingia kama aliyealikwa. "Jogoo wangu yuko wapi? Mtoto wako nimemtembeza Gairo na kurudi. Hajalia hata siku moja. Ana adabu kuliko mama yake na ukoo wake wote wa wala mbegu."

Mwalimu Mwinjuma akauliza kama huyu ndiye aliyechukua nakala. Alipoambiwa ndiye, uso ukamkunjamana. Akasema mtu anayecheza na kitabu mbele ya watu wanaosoma atolewe nje.

"Mwalimu, nisamehe, asitolewe," akasema Mwanaheri. Alikuwa amesimama, na sauti yake ilikuwa ya kibandani, si ya mwanafunzi tena. Akamgeukia Hatibu. "Jogoo wako tulishamla. Alikuwa mgumu kama babu yako."

"Basi kitabu hupati. Na kwa kunicheleweshea, nachukua na hiki." Hatibu akainama kizingitini, akachagua kati ya viatu vyote vilivyovuliwa pale, akainua mtawanda mmoja wa Mwanaheri, ule wa mti wenye msumari wa shaba.

Mwanaheri akaenda mpaka mlangoni. Akauokota wa pili, akauweka mikononi mwa Hatibu.

Chausiku muuza karanga ndiye aliyeanza, na kabla hajamaliza wenzake wote walikuwa wamemdakia, ua mzima kwa sauti moja: "Na cha pili akampa."

Hatibu hakuelewa kwa nini watu wanacheka kuliko utani wake ulivyostahili, lakini hakuwa mtu wa kukataa kicheko cha bure. Akaufungua mzigo. Nakala ilikuwa imezungushiwa kitambaa cheupe, na juu ya kitambaa shuka lake mwenyewe, lile analojifunika njiani. Lilinuka chumvi na tumbaku. Karatasi hazikuwa na tone la maji. Mwenzake mmoja wa msafara, aliyekuwa amesimama nje, akasema kwamba mvua iliwakuta siku mbili mfululizo, na mpumbavu huyu alilala akitetemeka.

"Mateka hafi mikononi mwangu," Hatibu akasema, kidogo kwa aibu. Kisha akakumbuka kazi yake. "Wewe nawe usijione umeshinda. Tutaonana siku utakapokufa. Nani atafagia nyumba yako ya msiba kama si mimi? Nitafagia, nitakula ubwabwa wenu wote, na nitaondoka bila kuaga."

Mwanaheri akageuka kama aliyeitwa. Akaichukua nakala, akapekua karatasi za mwishomwisho, zile ambazo hakuwahi kuzifikia katika kuandika upya. Akaweka kidole, akasoma mahali pale Tabibu anapokufa:

Akaja bibi mgeni
fagio li mkononi
akafagia nyumbani
kisha akatokomea.

Akasema, "Mguu wa pili huu hapa, Mwalimu. Bibi yule hakuwa mgeni. Alisafiri nchi saba kuja kufagia nyumba ya mtani wake, kwa sababu hiyo ndiyo kazi ya mtani. Ndiyo maana hakuaga."

Mwalimu Mwinjuma akaichukua nakala, akausoma ubeti ule yeye mwenyewe, mara mbili, midomo ikimcheza. Halafu akasema, kwa Bibi Mwaisha zaidi kuliko kwa wengine, "Dada, miaka arobaini mimi nimewafundisha watu kwamba huyu ni malaika."

"Hata mimi," Bibi akajibu. "Na marehemu pia. Tutamwomba radhi huko huko."

Mzee akaivaa kofia yake. Akaomba wino.

Kwanza aliziweka nakala mbili pamoja, ya miaka mitatu na ya siku kumi na moja, akazilinganisha huku pilau ikipoa na Hatibu akiitazama kwa uchungu. Alipata tofauti tatu. Mbili alisema ni makosa, akazisahihisha. Ya tatu alisema nakala ya kibandani ndiyo bora, akaacha ibaki, na Chausiku akatazama pembeni maana ilikuwa yake. Kisha akaandika ijaza kwa mkono wa taratibu, jina la Mwanaheri binti Stambuli likifuata jina la Mwaisha, jina la Mwaisha likifuata la marehemu, na kuendelea juu mpaka kwa watu ambao makaburi yao hayajulikani. Akaweka mkono wake. Kibwana akauongoza mkono wa Bibi Mwaisha mahali pa kuweka wake.

Walikula. Hatibu alilipwa sahani mbili badala ya jogoo, akarudisha mitawanda, akadai kwamba kwa haki ijaza nusu ni yake, na ile nakala ya beti mia tisa na sita ni yake yote, maana bila yeye isingeandikwa. Mwalimu Mwinjuma, aliyekwisha kulegea kwa pilau, akasema hoja ina uzito. Ikaamuliwa kwamba nakala ni ya Hatibu, lakini kwa kuwa hajui kusoma, atawaazima wasichana kumi na mmoja waitumie kusomea mpaka atakapojifunza. Hajajifunza hadi leo. Beti zilizobaki Furaha ndiye aliyezimalizia, mwaka uliofuata, kwa herufi za mviringo kama za babu yake.

Na wino wa ijaza ulipokauka, Hatibu aliunyoosha mkono wake mrefu juu ya mkeka, polepole, kama anayetafuta chumvi. Mkeka ulikuwa mtupu. Mwanaheri alikuwa ameshaikunja karatasi, ameifunga kwenye pindo la kanga, na kuikaza mafundo matatu.